Mhojiwa Namba Thelathini na Saba

Nchi ninayoisimulia hapa haipo. Nina barua ya wizara yake, yenye mhuri na tarehe, inayothibitisha kwamba haipo. Msomaji mwenye shaka anaweza kuja kuiona ofisini siku za kazi, kabla ya saa sita.

Katika nchi hiyo nilifanya kazi miaka kumi na mmoja nikiwa mtafiti mshiriki wa Taasisi ya Taifa ya Kupima Kuridhika. Mtafiti mshiriki ni mtu anayetunga dodoso, anayekwenda nalo mitaani na vijijini, anayehoji, anayesikiliza kanda na kuziandika neno kwa neno, anayechambua, anayeandika ripoti, na ambaye jina lake huonekana kwenye jalada kama "na wengine". Silalamiki. Naeleza mgawanyo wa kazi.

Jina lililotangulia kwenye jalada lilikuwa la mkurugenzi wetu, Profesa Ndolezi Msangule, mtu wa shahada tatu na tai saba, aliyezoea kumaliza kila hoja kwa maneno "kisayansi kabisa".

Dodoso letu lilikuwa na swali moja: Je, umeridhika? Majibu yalikuwa matatu: nimeridhika, nimeridhika sana, nimeridhika kupita kiasi. Palikuwa na nafasi ya nne, ya maoni mengine, ila kuijaza kulihitaji kibali cha mkuu wa wilaya, na mwombaji wa kibali alitakiwa kwanza athibitishe kwa maandishi kwamba ameridhika. Kwa mbinu hiyo tulipata asilimia tisini na tisa nukta nane. Mwaka uliofuata Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Tindwa, alitaka nyongeza ya asilimia tano kama ilivyoandikwa kwenye mpango wa maendeleo. Tukampa mia moja na nne nukta nane. Profesa alieleza redioni kwamba ziada hiyo ni ya wananchi ambao hawajazaliwa.

Wafadhili walipouliza kama wananchi hao huwa pia wanasema chochote, tuliongeza mahojiano ya wazi, yaliyorekodiwa. Hapo ndipo nilipokutana na Bi. Tabu.

*

Bi. Tabu Mkwizu aliuza mihogo ya kukaanga karibu na lango la stesheni ya reli. Nilimsomea fomu ya ridhaa kama inavyotakiwa: jina lake halitajulikana, atapewa namba, na daftari linalounganisha namba na majina hufungiwa kwenye sanduku la chuma. Alinisikiliza huku akigeuza mihogo kwenye mafuta.

"Unaapa, mwanangu?"

Nilimweleza kwamba watafiti hatuapi, tunatia saini.

"Haya, tia. Lakini uso wako nimeushika."

Nilipomuuliza kama ameridhika, aliniuliza ameridhika na nini, nimtajie hicho kitu akiangalie. Hilo ndilo jibu lake lote. Nililiandika chini ya Mhojiwa Namba Kumi na Nne, nikanunua mihogo, nikaondoka.

Mwezi mmoja baadaye nilipewa likizo ambayo sikuiomba. Niliporudi nilikuta mambo matatu. Sanduku la chuma lilikuwa limefunguliwa kwa ufunguo wa mkurugenzi. Profesa Msangule alikuwa ameteuliwa Profesa Mkuu wa Taifa. Na mahali ilipokuwa meza ya Bi. Tabu palikuwa na duara la mafuta ardhini.

Nilikwenda kumuuliza Profesa. Alinijibu kwa upole, akiwa anajaribu tai mbele ya kioo, kwamba yule mama hakukamatwa hata kidogo. Amepelekwa masomoni.

*

Masomo hayo yalitolewa katika Chuo cha Shukrani, nje kidogo ya mji, nyuma ya ukuta. Mwanafunzi husoma mpaka aridhike. Mtihani una swali moja, lile lile la kwetu. Anayejibu kwamba hajaridhika hurudia mwaka. Anayejibu kwamba ameridhika hurudia mwaka pia, kwa kosa la udanganyifu katika mtihani.

Hata hivyo kulikuwa na njia moja ya kuhitimu. Rais aliwahi kusema katika hotuba kwamba wasioridhika katika nchi yetu hawazidi mia tatu. Maneno ya Rais yalikuwa sheria, kwa hiyo chuo kilijengewa vitanda mia tatu, na mwanafunzi wa mia tatu na moja hakuweza kuwepo. Kila alipoletwa mpya, aliyekaa muda mrefu kuliko wote alipewa cheti na kusindikizwa getini saa hiyo hiyo, aridhike asiridhike.

Najua haya kwa sababu ripoti ya mwezi ya chuo niliiandika mimi. Bi. Tabu alilala kitanda namba mia na kumi na nane, karibu na mlango. Katika foleni ya kutoka alianza akiwa wa mia tatu. Mwaka wa kwanza wananchi walikuwa bado wanasema ovyo, hivyo foleni ilikwenda haraka. Mwaka wa pili walipunguza. Baada ya miaka miwili na nusu Bi. Tabu alikuwa wa kwanza, na hapo nchi nzima ikawa imejifunza kunyamaza. Hakuna aliyeletwa. Alikaa nafasi ya kwanza miezi kumi na minne.

Ilitakiwa mtu mmoja aingie. Kimaadili hili ni tatizo gumu. Kimbinu ni sampuli ya mtu mmoja, na katika sampuli ndogo namna hiyo uteuzi wa makusudi unaruhusiwa.

*

Lazima nieleze jinsi Profesa alivyohariri ripoti, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki.

Hakuzisoma. Alikuwa na orodha ya maneno kumi na mawili yaliyokatazwa, aliyoibandika juu ya meza yake: njaa, bei, foleni, maji, umeme, kunguni, lakini, bado, lini, nani, kwa nini, na lile lililoongezwa baada ya Bi. Tabu, mihogo. Alipitisha kidole kwenye kurasa akiyatafuta, kama mtu anayechambua mchele. Sentensi yenye neno mojawapo aliifuta yote kwa kalamu nyekundu. Sentensi isiyo na hata moja ilikuwa salama, iwe imesema nini. Mara moja, kwa kujaribu tu, niliandika kwamba makao makuu ya taasisi yamehamia mwezini. Ilichapishwa. Wizara iliuliza kama kuna nyumba za watumishi.

Mwezi mmoja niliandika kuhusu chuo: "Kitanda namba mia na kumi na nane kina kunguni wengi, na mlalaji anaonyesha vidonda." Kidole kilifika, kikasimama, kalamu ikapita. Nilimwomba aitafakari sentensi hiyo.

"Bi. Kidawa," alisema, "kisichomo kwenye ripoti hakipo. Kisayansi kabisa."

Niliiweka kauli hiyo kwenye kumbukumbu zangu, pamoja na tarehe.

Kisha nilifanya kazi mbili, zote ndani ya majukumu yangu. Ya kwanza, nilipendekeza marekebisho ya Mwongozo wa Utafiti, kitabu ambacho Profesa alikiandika, kwa maana ya kwamba jina lake liko juu yake. Marekebisho yalisema ufunguo wa sanduku utakaa kwa mtafiti mshiriki, na daftari la majina litafunguliwa tu kwa amri ya maandishi ya mkurugenzi, nakala tatu, isomwe mbele ya Waziri. Kwamba amri ikishasomwa haitenguliki. Na kwamba adhabu ya mhojiwa iandikwe kabla ya jina lake kujulikana, ili kuepuka upendeleo. Profesa alitia saini kati ya kikombe cha chai na sambusa ya pili. Alisifu neno "upendeleo".

Kazi ya pili ilihusu mahojiano ya majaribio. Ukurasa wa arobaini na moja wa Mwongozo unaagiza kwamba kabla ya kila utafiti vyombo vijaribiwe kwa kumhoji mtumishi mwandamizi kuliko wote aliyepo ofisini. Unaongeza: "Mahojiano ya majaribio ni mahojiano." Kwa miaka mingi kipengele hicho kilipuuzwa. Mimi nilikitekeleza.

Profesa alifurahi kuhojiwa. Nilimpa fomu ya ridhaa, akatia saini bila kuisoma. Nilimwonyesha taa nyekundu ya kinasa sauti, nikamwambia kinarekodi. Akanyoosha tai. Alizungumza kwa saa mbili na dakika kumi. Watu wa cheo chake huzungumza mbele ya msaidizi kama wanavyozungumza mbele ya kabati. Nilimpa namba kwa utaratibu wa kawaida: thelathini na saba.

*

Kiambatisho cha ripoti yetu kiliitwa Sauti za Wananchi. Kilibeba dondoo kumi, zilizochaguliwa kwa kura kutoka mahojiano yote. Mwongozo hausemi kura ipigwe mara ngapi. Niliipiga mara kumi na tisa.

Kidole cha Profesa kilipita juu ya dondoo ya Namba Thelathini na Saba bila kusimama. Haikuwa na neno hata moja kati ya yale kumi na mawili.

Uzinduzi ulifanyika alasiri katika Ukumbi wa Kuridhika, mbele ya watu mia sita, ukitangazwa na redio nchi nzima. Rais alikaa kiti cha mbele. Kila mwaka Profesa alifungua hotuba kwa kusoma sauti moja ya mwananchi, pale alipowekewa alama ya ukurasa. Alama huwekwa na mtafiti mshiriki.

Alisoma kwa sauti ya kujaa, na nakiri alisoma vizuri kuliko miaka yote, kwa sababu maneno yalimkaa mdomoni:

"'Mzee akisomewa takwimu husikiliza kama mbuzi anavyosikiliza redio: masikio yamesimama, kinachoingia hakuna. Waziri wake akiambiwa asilimia arobaini hudhani nchi ina homa. Watu huulizwa kama wameridhika kwa sababu wakiulizwa wamekula watakumbuka. Huu ni usanii mtupu, kisayansi kabisa.'"

Kufikia mbuzi alikuwa ameanza kupunguza mwendo, ila Profesa hakuwa mtu wa kuacha sentensi njiani. Watu mia sita waliangalia masikio ya Rais. Yalikuwa yamesimama.

Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba angejitambua. Nilimtazama usoni alipofunga kitabu. Hapakuwa na kitu. Mtu aliyesikilizwa maisha yake yote hana sababu ya kujisikiliza. Aliinama mbele ya Rais, akasema kwamba dondoo hiyo imewekwa makusudi, ili taifa limwone adui wake. Kwamba aliyetamka maneno hayo ni mpumbavu asiye na elimu wala shukrani. Na kwamba yeye binafsi, ndani ya siku saba, atamkabidhi kwa Waziri.

Kufikia jioni wauza magazeti mjini walikuwa wakisalimiana kwa mlio wa mbuzi. Sheria ya kukataza mlio huo ilipitishwa kesho yake asubuhi, na mbuzi wenyewe walipewa siku thelathini za kuuacha.

*

Siku ya kwanza ya uchunguzi Profesa aliniagiza nitoe sifa za Namba Thelathini na Saba kutoka kwenye kanda, bila jina. Nilizitoa. Alizinakili ubaoni kwa mkono wake: mwanamume, miaka sitini na mbili, mkazi wa mjini, ana shahada tatu, ana gari la serikali, anasumbuliwa na kiungulia, hupenda sambusa, ana dharau kwa wakubwa wake na hofu kwa wadogo wake.

Watumishi wote walipita mbele ya ubao huo siku nzima. Mwinchumu, mtunza nyaraka wetu, mtu wa miaka ishirini na sita kazini, alisimama mbele yake muda mrefu akifuta miwani.

"Dada Kidawa," akaninong'oneza, "huyu mtu kama namjua. Si ndiye anayeegesha gari penye kivuli chetu?"

Nilimjibu kwamba siri ya mhojiwa ni siri. Alikubali, akaenda kucheka kwenye chumba cha nyaraka, ambako kuta ni nene.

Profesa aliusoma ubao akirudi nyuma na kusogea mbele. Alisema mtu huyo ni wa aina ya hatari, msomi aliyeoza. Alisema anamchukia tayari. Siku ya nne alitaka nimletee daftari. Nilimkumbusha utaratibu: amri, nakala tatu, Waziri, na adhabu kwanza. Nilimwandikia pia dokezo, kwa sababu maadili ya utafiti yananitaka nionye. Niliandika: "Mhojiwa huyu aliahidiwa siri kwa saini. Jina lake likifichuliwa ataumia. Nashauri lisifichuliwe."

Dokezo lilirudi baada ya nusu saa. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, aliandika neno moja: "Aumie."

Nililiweka kwenye jalada. Nimewahi kupokea maoni mengi ya wakuu wa kazi katika maisha yangu, na hilo ndilo pekee nililolitekeleza kwa moyo wote.

*

Siku ya saba Mheshimiwa Tindwa alifika na askari wawili. Tulikaa chumba cha mikutano: Waziri, Profesa, Mwinchumu akiwa na mihuri yake, na mimi. Sanduku la chuma lilikuwa mezani.

Profesa alisimama kusoma amri yake. Iliagiza daftari lifunguliwe. Iliagiza Namba Thelathini na Saba apelekwe Chuo cha Shukrani siku hiyo hiyo, "bila kujali umri, cheo, elimu wala utumishi wake uliopita", mpaka aridhike kikamilifu. Mwinchumu aligonga mhuri nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aligonga kwa nguvu kuliko kawaida.

Nilimuuliza kama kweli anaamuru nifungue.

"Fungua, Bi. Kidawa. Sayansi haiogopi jina."

Nilifungua, nikamkabidhi Waziri daftari likiwa kwenye ukurasa husika, pamoja na fomu ya ridhaa. Waziri alisoma. Aligeuza ukurasa kuona kama nyuma kuna jina jingine. Akarudi mbele.

"Profesa, hapa pameandikwa wewe."

"Hilo ni la mwandishi, Mheshimiwa," alisema Profesa akitabasamu. "Jina langu hutangulia kila mahali. Angalia chini yake."

"Chini yake kuna saini yako."

Kisha Profesa aliongea mfululizo. Alisema yalikuwa majaribio tu. Nikasoma ukurasa wa arobaini na moja. Alisema aliahidiwa siri. Nikasoma amri yake. Alisema kuna mazingira maalumu, yeye ni Profesa Mkuu wa Taifa. Mwinchumu, bila kuombwa, alirudia kwa sauti maneno "cheo, elimu wala utumishi wake uliopita". Waziri aliuliza kama amri inaweza kutenguliwa. Nikamwonyesha marekebisho, na alama ya mafuta ya sambusa kando ya saini.

"Ni huyu," Profesa alisema, akininyooshea kidole. "Huyu ndiye aliyeiandika ripoti. Neno kwa neno."

Waziri alichukua ripoti, akaangalia jalada. Alitafuta jina langu kwa bidii, mbele na nyuma. Alikuta Profesa Ndolezi Msangule, na wengine. Aliuliza wengine ni akina nani. Mwinchumu alimweleza, kwa heshima zote, kwamba katika sheria za nchi yetu wengine si mtu na hawashitakiki.

Askari walimshika Profesa kila mmoja mkono wake. Mlangoni aligeuka akaniuliza nilichomfanyia ni nini. Swali lilikuwa la haki, nami nilimjibu kwa usahihi: nilimhoji.

*

Mwanafunzi mpya aliandikishwa saa nane na robo. Saa nane na nusu Bi. Tabu Mkwizu alitoka getini akiwa na cheti cha kuridhika kupita kiasi na ndala mbili za mguu mmoja.

Nilimpa wiki mbili, kisha nikaenda stesheni. Meza ilikuwa imerudi juu ya lile duara la mafuta. Alikuwa amekonda, na mikononi alikuwa na makovu madogo mengi, mekundu. Nilimwamkia. Aliitikia bila kuinua uso, akageuza mihogo, ndipo akanitazama.

"Wewe ndiye uliyetia saini."

"Ndimi, Bibi."

"Miaka mitatu na miezi minane."

Nilisema najua, nilikuwa nahesabu. Sikumwomba radhi, kwa sababu radhi haipimiki. Nilimweleza yaliyotokea, kwa mpangilio, bila kuongeza: sanduku, foleni, kanda, amri, neno la pembeni. Wateja wawili walikuja wakahudumiwa, wakaenda.

"Na huyo naye ulimwambia jina lake halitajulikana?"

"Nilimwambia."

"Akakuamini?"

"Hakusoma, Bibi."

Alichukua kipande cha gazeti akaanza kufunga mihogo.

"Wamemlaza wapi?"

"Kitanda chako. Mia na kumi na nane."

Mkono wake ulisimama juu ya chumvi. "Kile cha mlangoni? Kile kina kunguni, mwanangu. Wanatembea mchana. Amelalamika?"

"Kila siku. Barua zake zinaletwa kwetu kwa uchambuzi."

"Mnamjibu nini?"

Nilimweleza kwamba tunapekua ripoti zote za chuo za miaka minne, ukurasa kwa ukurasa, zenye saini ya mkurugenzi wa wakati huo. Hakuna kunguni. Kisichomo kwenye ripoti hakipo.

Bi. Tabu alinyunyiza pilipili, akafikiri, akaongeza nyingine. Akanipa mihogo, akakataa hela.

"Mwandikie tena," alisema. "Mwambie aangalie vizuri upande wa ukutani, penye mshono wa godoro. Ndiko wanakotagia."

Nilitoa kalamu, nikaandika neno kwa neno, na nikamuuliza kama anapenda jina lake litajwe.

"Litaje," alisema.